Paa Walioacha Kula

Mashine ya mionzi iliharibika siku ya Jumanne, mama yangu akiwa ameshavaa gauni la hospitali na jina lake limeshaitwa. Tulikaa kwenye viti mpaka saa saba mchana, ndipo muuguzi akaja kutuambia turudi Ijumaa. Ilikuwa wiki ya tatu ya mionzi. Mama alikuwa ameshapigwa mionzi mara 11 kati ya 30, na kila alipotoka ndani alifunga fundo moja kwenye uzi mweusi aliouweka mkobani. Siku ile aliutoa ule uzi, akauzungusha kidoleni, akaurudisha kama ulivyo. "Haya mwanangu," akasema, "leo tumekuja kukaa."

Nilikasirika sana. Kila siku inayoongezeka Delhi ni kodi ya chumba, ni chakula, ni simu za nyumbani zinazouliza mnarudi lini. Nje mvua ya Julai ilikuwa inamwagika na maji ya barabarani yamefika vifundoni. Mama, mgonjwa, ndiye aliyenishika mkono tukavuka. Usiku, nikimpikia uji kwenye jiko la pamoja la nyumba ya wageni, nikakumbuka kwamba nina kitu cha kumwonesha, na kwamba sasa tuna siku ya kukitazama.

Mimi ni mpiga fidla. Nimekuwa kwenye taarab Unguja tangu nina miaka 17, na maqamu, zile ngazi za muziki wa Kiarabu, niliyajua kwa vidole kabla sijayajua kwa majina. Fidla niliiacha nyumbani kwa sababu mizigo ya mgonjwa ilikuwa mingi, na wiki ile ya kwanza mikono yangu haikujua pa kukaa. Jumamosi hakuna mionzi. Mama alikuwa amelala, na jirani yetu wa chumba cha pili, mama mmoja wa Tanga aliyekuja na mumewe, akaniambia, "Nenda ukapunge upepo, mimi nipo naye." Nikapanda metro Malviya Nagar, nikashuka Udyog Bhawan, nikatembea hadi Makumbusho ya Taifa kwenye barabara ya Janpath. Nilifuata vyombo vya muziki. Mpiga sarodi Sharan Rani aliwapa makumbusho yale vyombo alivyovikusanya maishani mwake, nami nilitaka kuviona kwa macho yangu. Kabla sijavifikia nikapita kwenye chumba cha picha ndogo.

Taa za mle ni hafifu, ili rangi zisife. Picha zenyewe nyingi hazizidi ukubwa wa daftari la shule. Mwanamke amesimama msituni na zeze la mabuyu mawili, paa wamemzunguka. Mwanamke mwingine amekaa mlimani chini ya mti, nyoka wanamjia kama vifaranga wanavyomjia mama yao. Mwanamume amevuta upinde, anamlenga jogoo. Watu wanabembea, watu wanacheza kwenye mvua. Nikawa natoka picha moja kwenda nyingine natafuta kisa: huyu ni mke wa nani, mbona yuko msituni peke yake, yule jogoo kakosa nini? Kwa nusu saa nilikuwa nimezimaliza zote, na nilitoka vilevile nilivyoingia.

Jumamosi ya pili nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi mbele ya yule mwanamke wa paa. Nikampita, nikaenda kwenye vyombo, nikakaa huko saa nzima. Niliporudi alikuwa palepale. Nikamsalimia kwa Kihindi changu cha sinema, kile ambacho watu wengi wa rika langu Unguja tulikiokota kwenye majumba ya sinema tukiwa watoto. Kumbe alikuwa mwalimu wa sitari, amestaafu. Aliniita *beta*, mwanangu, akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole nakimbilia wapi. Nikamwambia natafuta hadithi ya picha hizi na siioni. Akasema hutaiona. Kilichochorwa pale ni wimbo.

Nimeshika fidla zaidi ya nusu ya umri wangu, na nilikuwa nimepita mbele ya nyimbo zile zote bila kusikia kitu. Nikakaa kwenye benchi.

Alinieleza hivi. Njia za uimbaji za India huitwa raga. Kila raga ina noti zake na mwendo wake wa kupanda na kushuka, lakini pia ina saa yake ya siku na msimu wake wa mwaka. Wenye elimu waliziweka kama ukoo: raga 6 ndio waume, kila mmoja ana wake 5 ambao ni ragini, jumla 36. Kwenye falme za milimani, chini ya Himalaya, walifuata mpango wa Kshemakarna wa mwaka 1570, ambao unampa kila raga na watoto 8, wakawa 84. Washairi wakawatungia beti za kuwaeleza mmoja mmoja: amevaa nini, yuko wapi, moyo wake una nini. Kisha wachoraji waliolelewa na wafalme wakazigeuza zile beti kuwa picha. Seti nzima inaitwa ragamala, na *mala* ni koja.

Neno hilo ndilo lililonifungua. Kwetu koja ni asumini zilizotungwa kwenye uzi, na hakuna anayeuliza ua la kwanza limefanya nini mpaka likaja la pili. Unalinusa zima.

Tangu hapo nikaanza kuzitazama picha kwa saa. Lalit ni mwisho wa usiku: mwanamume anatoka kwa kunyata, koja mkononi, amegeuza shingo kumtazama mwanamke aliyelala bado. Vibhas ni saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndipo nilipoelewa kosa la jogoo. Anataka kuwika. Akiwika kumekucha, na kukikucha wapenzi wawili lazima waachane, kwa hiyo mwanamume amekaa kitandani na upinde wake anataka kuizuia asubuhi. Dipak ni taa na usiku. Wanasimulia kwamba Tansen, mwimbaji mkuu wa mfalme Akbar, alilazimishwa kuiimba Dipak mpaka taa zikawaka zenyewe na mwili wake ukashika moto, na kilichompoza ni mvua iliyoitwa kwa wimbo mwingine. Megh ni mvua yenyewe: wingu jeusi, mungu Krishna anacheza, wanawake na ngoma, na ndege weupe wamejipanga chini ya wingu. Nilikuwa naitazama Megh na nguo zangu bado zimelowa mvua ya njiani.

Na Todi, yule wa paa, ni wa asubuhi iliyokomaa, tangu saa tatu mpaka saa sita. Saa ya mama ya kuingia kwenye mionzi ilikuwa saa tatu na nusu. Sikumwambia mtu yeyote hilo, lakini wiki iliyofuata, kila mlango ule mzito ulipofungwa nyuma yake, nilikuwa nasikiliza Todi kwenye simu.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hili lilikuwa la kifundi. Nilisikiliza rekodi za Todi, nikaziandika noti zake nyuma ya bahasha ya vipimo, nikaanza kuzitafuta kwenye picha. Paa ni wangapi? Mabuyu mawili yana maana gani kwenye sauti? Nikazama kabisa. Nikagundua kwamba Todi ya India Kusini ina ngazi ileile ambayo watu wa Kaskazini wanaiita Bhairavi. Nikagundua kwamba raga Bhairav, ya alfajiri, ngazi yake inakwenda karibu sana na maqamu yetu ya Hijazkari, na nilifurahi kama mtu aliyekutana na binamu yake ugenini. Jumamosi nikampelekea mzee ile bahasha.

Aliisoma yote kwa heshima, akarekebisha noti moja, akanirudishia. Akasema noti ni sahihi, lakini hazimo mle. Picha zina karne tatu au nne, na majina ya raga yamehama. Kilichoitwa Todi wakati ule si lazima kiwe hiki tunachopiga leo. Isitoshe, wachoraji wengi walimfuata mchoraji aliyewatangulia, hawakumfuata mwimbaji. Mwaka 1591, huko Chunar karibu na Banaras, wachoraji watatu waliofundwa na mabingwa wa Kiajemi, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, walitengeneza ragamala iliyofika mikononi mwa watawala wa Bundi. Mpangilio wa picha zile ukarudiwa Bundi na Kota vizazi na vizazi.

"Basi nitazame nini?" nikamuuliza.

"Watazame paa."

Nikasogea. Nyasi zilikuwa ndefu, zimechorwa jani moja moja. Paa walikuwa wanne. Mmoja alikuwa ameshainamisha kichwa kula, kisha akakigeuza. Mwingine ameinua mguu mmoja wa mbele na hajaushusha. Husimuliwa kwamba Todi ilianza na msichana aliyewekwa kulinda shamba. Aliimba ili awafukuze paa, nao badala ya kukimbia wakaja, wakasimama, wakasahau mazao. Kwenye picha ile hakuna hata mdomo mmoja uliofika kwenye nyasi. Paa wameacha kula. Basi, Todi ndiyo hiyo.

Jambo hilo mimi ninalijua. Kwenye taarab watu hunyanyuka kwenda kutunza, noti ya pesa mkononi, wanacheza polepole kuelekea kwa mwimbaji. Na iko siku, si kila siku, mwimbaji anafika kwenye neno fulani na yule anayekwenda kutunza anasimama katikati ya ukumbi. Mkono uko juu na noti yake, na mwenyewe hajui kama amesimama. Mimi niko nyuma na fidla yangu naliona hilo kabla ya mwimbaji mwenyewe. Nimeliona labda mara nne au tano katika maisha yangu, na hapa palikuwa na mtu aliyelikamata kwa brashi.

Nilitaka kujua ni watu gani hawa. Mzee alikuwa anapenda sana kunitajia Sahibdin. Makumbusho yale yanamiliki picha yake ya ragini Maru, na juu yake yako maandishi ambayo mzee alinisomea kwa sauti: mwaka 1685 wa kalenda ya Vikram, ambao ni 1628, chini ya Rana Jagat Singh, mjini Udaipur, *imeandikwa* na mchoraji Sahibdin, na kwa atakayeisoma, Ram Ram. Mchoraji hakusema amechora, alisema ameandika. Na aliyeandika ni Mwislamu, anamsalimia msomaji wake kwa salamu ya Kihindu, kwenye picha ya wimbo. Miaka 23 kabla yake, huko Chawand katika Mewar, ufalme uleule wa Udaipur, Nasiruddin, Mwislamu mwingine, alikuwa amechora ragamala nzima. Na kusini, Bijapur, mfalme Ibrahim Adil Shah wa pili alitunga mwenyewe kitabu cha nyimbo, akakifungua kwa kumsifu Saraswati, mungu wa kike wa muziki na elimu. Kwenye falme za huko kusini, nchi ya Dekani, Waafrika nao walikuwa watu wakubwa. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi, akauzwa utumwani, akaishia kuushika utawala wa Ahmadnagar mpaka alipofariki mwaka 1626, na wachoraji wa zama zake wametuachia sura yake. Mzee alinionesha kwenye kitabu. Niliitazama sura ile kwa muda mrefu.

Basi Jumatano, mashine ikiwa bado mbovu, nikamwambia mama twende.

Hakutaka. "Miungu ya watu nikaitazamie nini, nami niko kwenye dua zangu?" Nikamwambia mle muna wanawake wengi, na sura zao huwezi kuzipita. Akafikiri, akavaa deraa pana, maana ngozi ya kifuani ilikuwa imeanza kuwa nyeusi na kuwasha moto, akajifunika kanga laini iliyofuliwa mara nyingi. Tukachukua teksi. Mlangoni tukapewa kiti cha magurudumu.

Nilianza kumweleza kama nilivyoelezwa: raga 6, ragini 30, saa, misimu. Akaninyamazisha kwa kiganja. Alikuwa ameshaisogelea picha moja ambayo mimi sijawahi kusimama mbele yake. Ni baraza ya usiku. Kuna kitanda, kuna taa, kuna sahani ya tambuu. Mwanamke amekaa, shavu limelalia kiganja. Mbele yake amekaa mwanamke mwingine anazungumza.

"Kaambiwa anakuja leo," mama akasema.

"Umejuaje?"

"Kitanda kimetandikwa na hakuna aliyekikalia, hata yeye kakaa chini. Tambuu imeshakunjwa, iko tayari. Na huyu shoga yake ndiye anayejua kuwa haji. Mtazame mkono."

Nikautazama mkono. Ulikuwa wazi, umeinuliwa nusu, kama wa mtu anayetafuta neno la kuanzia. Nilikuwa nimeipita picha ile Jumamosi mbili.

Baba yangu alifanya kazi Maskati miaka 9, mimi nikiwa mdogo. Alikuja mara 3. Ninachokumbuka ni masanduku na harufu ya sabuni mpya. Sikuwahi kumuuliza mama ile miaka mingine ilikwendaje. Pale kwenye kiti cha magurudumu, macho yake kwenye kioo, akanihadithia. Kwamba mara moja ililetwa habari kuwa baba anashuka Alhamisi. Akafukiza udi nyumba nzima, akatandika, akamwaga asumini kitandani. Jioni akaja shoga yake, akaketi, akazungumzia bei ya samaki. Akazungumzia samaki mpaka magharibi. "Nikajua," mama akasema. "Mtu haji kwako siku kama ile kukwambia habari ya changu na tasi."

Wahindi wana jina la huzuni ya kutengana na umpendaye, *viraha*, na washairi wao wamewapanga wanawake wenye kupenda katika hali 8: aliyetandika na anangoja, aliyedanganywa, anayetoka usiku wa mvua kumfuata mpenzi, na wengine. Keshavdas wa Orchha aliwaeleza wote kwa beti mwaka 1591, na wachoraji walikichora kitabu chake tena na tena. Nilimsomea mama mpangilio ule usiku kutoka kwenye simu. Alisikiliza, akasema wamesahau shoga.

Palepale makumbushoni aliniuliza jambo jingine. Picha nyingi za Mewar zina ukanda wa manjano juu, umejaa maandishi, na ndimo uliko ubeti. Mama akauonesha kwa kidole: "Jina linasemaje?" Nikadhani anauliza jina la mwanamke. Alikuwa anauliza jina kama la kanga. Kwake picha ile ilikuwa na pindo, ina mji, ina jina, na huwezi kumvisha mtu kanga bila kujua jina lake linasema nini. Nilipomsimulia mzee maneno hayo baadaye, aliniomba nimwandikie yale matatu kwenye daftari lake. Akayatamka vizuri, hasa pindo.

Mwisho nikampeleka kwa Todi. Nilitaka sana ampende. Nikamwonesha paa, nyasi, ule mguu ulioinuliwa. Akakaa kimya muda mrefu kuliko kwenye picha nyingine yoyote, na alikuwa ameanza kuchoka, naona pumzi zake. "Huyu anangoja nini?" akaniuliza. Nikasema mpenzi wake, kama wenziwe. Akatikisa kichwa. "Hapana. Huyu sijamfahamu. Utanirudisha."

Ijumaa mashine ilitengemaa. Sikuwahi kumrudisha makumbushoni, kwa sababu wiki zilizofuata zilimchukua nguvu. Alikuwa akitoka kwenye mionzi analala mpaka alasiri. Lakini Jumapili ya mwisho aliamka amechangamka, tukaenda Dilli Haat, kituo cha INA, ambako mafundi wa mikoani huja kuuza kazi zao. Kwenye kibanda kimoja alikuwapo mchoraji kutoka Rajasthan, amekaa chini, ubao gotini.

Tulikaa naye karibu saa mbili. Karatasi yake haikuwa karatasi moja; ni kadhaa zimegandishwa, inaitwa *wasli*, na kila baada ya rangi anaigeuza kifudifudi juu ya jiwe la marumaru, anaisugua mgongoni kwa kipande cha akiki mpaka rangi zinalala na kung'aa. Brashi ni manyoya ya mkia wa kindi, imechongoka mpaka nchani limebaki unyoya mmoja. Alitaja rangi za mabwana wa zamani: nyeusi ya masizi ya taa, kijani cha jiwe la malakiti, buluu ya lazuli kutoka Badakhshan, na manjano moja ambayo inasemekana ilitokana na mkojo wa ng'ombe waliolishwa majani ya mwembe. Zote zinashikana kwa gundi ya mgunga. Rangi alizikorogea kwenye makombe ya baharini, na mama akaliinua moja, akaligeuza. "Haya mmeyapata wapi, huku hakuna pwani?" Mchoraji akasema yanakuja kutoka mbali, kwa sababu kombe halinywi rangi.

Kisha akachora mvua. Anga lilikuwa limeshakauka, jeusi la kijivu. Akachovya ile brashi ya unyoya mmoja kwenye nyeupe, akavuta pumzi, akaizuia. Mistari ikateremka, myembamba kuliko uzi wa buibui, mmoja baada ya mwingine, bila kugusana, na alipofika pembeni ndipo akapumua. Nikageuka nikamwona mama naye anaachia pumzi.

Alinunua Todi. Ilikuwa ndogo, kama kiganja, na alipatana bei mwenyewe kwa vidole. Nikamwuliza mchoraji kama tutapata fremu. Akashangaa kidogo, akaifunga kwenye kitambaa chekundu. Zamani picha hizi hazikutundikwa, akasema. Zilikuwa karatasi moja moja, zimefungwa pamoja kwenye kitambaa kama mzigo, zinafunguliwa watu wamekaa, zinapita mkono hadi mkono, huyu anasoma ubeti, yule anauimba. Nikakumbuka nilivyotembea mbele ya ule ukuta siku ya kwanza, peke yangu, mikono nyuma.

Siku ya mara ya 30 mama alifunga fundo la mwisho. Usiku ule, tukipanga mizigo, nikamwona ameutoa ule uzi mweusi wenye mafundo, anafungia kitambaa chekundu.

Sasa tuko nyumbani. Picha iko kwenye sanduku lake, pamoja na kanga mpya ambazo hajazikata. Akija mgeni baada ya alasiri, na akiwa ni mgeni wa kupendeza, mama huagiza sanduku, anafungua uzi, anamwekea picha kiganjani. Halafu anamuuliza, "Huyu anangoja nini?" Mmoja alisema mumewe. Mmoja akasema huyo hangoji, kafukuzwa. Mjukuu wa miaka 6 alisema anangoja paa wazoee. Mama huwasikiliza wote na bado hajakubali jibu lolote.

Mwezi uliopita alikuja bi mkubwa wa nyumba ya pili, shoga yake yuleyule wa samaki. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Mama alimpa picha, akamuuliza lile swali, naye hakujibu. Akaniomba mimi, kama ni wimbo, basi niupige ausikie. Nikachukua fidla. Todi yangu si ya Wahindi, vidole vyangu vimezoea njia nyingine na noti ya sita inanikimbia, lakini niliianza chini, polepole, kama nilivyoisikia mlangoni pa mionzi. Bi mkubwa alikuwa ameinua kikombe cha kahawa. Kikakaa hewani, karibu na mdomo, mpaka nilipomaliza.